Petroli kwenye Sweta la Mtoto

Mtoto alipomrukia baba yake mlangoni, kama alivyozoea kila akitoka shule, baba hakumpokea kwa kicheko. Alimshika mabega, akamsogeza mbali kidogo, kisha akamvuta tena na kunusa sweta lake. Akanusa kola, akanusa mikono, akanusa nywele.

"Baba, mimi siyo chakula," binti akasema.

Watu wa gereji walimwita baba huyo Kobe. Sababu moja ni kwamba hakuwa na haraka na kazi. Sababu ya pili ilikuwa shingo yake: kuanzia chini ya sikio la kushoto hadi begani, ngozi ilikuwa imekunjamana na kukakamaa. Hakuna aliyewahi kumtajia sababu ya pili usoni, lakini aliijua, na alishaizoea. Binti yake naye alikuwa na jina la nyumbani. Walimwita Kasuku, maana hakuna kilichoingia masikioni mwake kikakosa kutokea mdomoni.

"Sweta lako linanuka petroli," Kobe akasema.

"Siyo mimi peke yangu, sote tunanuka. Ni gari la mama mdogo."

"Tangu lini?"

"Tangu lilipotoka kwa fundi. Zamani lilikuwa linanuka kidogo, sasa linanuka sana. Na tukifika kwenye taa linafanya vuuu, halafu linashuka, halafu vuuu tena, halafu linazima. Mama mdogo analibembeleza. Analiambia, 'Bibi wee, usiniaibishe mbele za watu.'"

Mkewe Kobe, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi, akaangua kicheko. Kisha akageuka, akamwona mumewe, na kicheko kikamkatikia mdomoni.

Kobe alikuwa amekaa chini pale pale kizingitini. Mkono wake mmoja ulikuwa umepanda wenyewe hadi shingoni.

Miaka michache nyuma alikuwa fundi wa injini, na fundi wa kusifiwa. Mchana mmoja, akiwa ameinamia injini inayonguruma, mpira wa mafuta ulipasuka mbele ya uso wake. Kwenye gari la nozeli, zile ncha zinazopulizia mafuta ndani ya injini, petroli haidondoki polepole kama maji ya bomba bovu. Pampu inaisukuma, na ikipata upenyo inaruka kama imetoka kwenye sindano. Ilimpiga shingoni na begani, nyingine ikaangukia bomba la moshi lililokuwa limepata moto wa kutosha kukaangia yai. Maumivu hakuyakumbuka sana. Alichokumbuka ni sauti. Kwanza ilikuja fyuuu nyembamba, kama mtu anayepuliza kati ya meno. Kikafuata kimya kidogo sana. Kisha hewa yote iliyomzunguka ikalipuka.

Alipotoka hospitali alirudi gereji ileile, ila hakurudi kwenye injini. Alishika breki, shokomzoba, usukani, vitu vya chini ya gari. Gari la petroli likifunguliwa boneti, yeye alipata ghafla shughuli ya upande wa pili wa uwanja. Wenzake walimwelewa na hawakumsumbua. Kazi za injini zilichukuliwa na kijana mmoja mwenye mikono myepesi, mcheshi, ambaye wateja walimwita Bingwa.

Na sasa petroli ilikuwa imemfuata hadi nyumbani, kwenye sufu ya sweta la mwanawe.

"Naenda kwa shemeji," akasema, akainuka.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikaa mtaa wa nyuma. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka na kuwarudisha shule watoto wa majirani, na gari lake lilikuwa kuukuu lakini safi, la zile enzi magari yalipokuwa yanaachana na kabureta na kuanza kutumia nozeli. Kobe alimkuta uani akifuta vioo.

"Shem! Leo umekumbuka njia? Au dada yangu amekufukuza?"

"Gari lako lina nini?"

"Ndiyo salamu hiyo?" Akatupa kitambaa kwenye ndoo. "Gari lina kiburi. Kwanza sailensa, ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, ilianza kuyumba. Nikisimama tu, injini inapanda na kushuka yenyewe kama mtu mwenye kwikwi. Bingwa akatoa plagi, nyeusi tii, kama zimetoka jikoni. Akaweka mpya. Likatulia, likarudi. Akasafisha kile kivavu kinachoshikilia sailensa. Likatulia, likarudi. Juzi akashusha nozeli zote, akaziosha, akarudisha. Tangu hapo ndiyo hii harufu. Anasema ni mafuta yaliyomwagika kazini, yatakauka."

"Asubuhi linawaka?"

"Asubuhi vizuri tu. Ila likishapata moto nikalizima, kuliwasha tena ni vita. Linakohoa, linatoa moshi mweusi, ndipo linakubali."

Kobe alikuwa amesimama langoni, hajasogea hata hatua moja. Kichwani mwake, fundi wa zamani alikuwa ameshaamka na kuanza kupanga. Plagi nyeusi, moshi mweusi, tabu ya kuwaka likiwa na moto: mafuta yanaingia kwenye injini kwa njia isiyo yake. Hilo ni moja, na linaharibu sailensa tu. Lakini harufu iliyoanza baada ya nozeli kushushwa ni jambo jingine. Hayo ni mafuta yanayotoka nje.

"Fungua basi uangalie," shemeji akasema. "Mbona umeganda hapo kama mtu aliyekuja kuposa?"

Akaenda. Akatia vidole chini ya ukingo wa boneti, akipapasa kitasa. Bati lilikuwa bado na joto la safari ya mchana. Harufu ikamjia puani, tamu na kali, na ndani ya kichwa chake kitu kikasema fyuuu. Vidole vikachomoka vyenyewe. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Sina vifaa," akasema.

Shemeji alimtazama. Utani wote ulimtoka usoni. "Shem, unatetemeka."

"Usiliendeshe kesho."

"Na watoto je? Mama zao wengine wako kazini kabla jua halijatoka. Niende nikawaambie nini, kwamba shemeji yangu ameogopa harufu?" Mara akajuta, akamshika mkono. "Samahani. Sikumaanisha hivyo. Nitafanya hivi: nikiwashusha tu shuleni, nalipeleka moja kwa moja kwa Bingwa. Haliendi kokote kwingine. Nakuahidi."

Pale pale ndipo alipotakiwa kunyoosha mkono na kusema, lete ufunguo. Alijua hivyo. Lakini kusema lete ufunguo kulikuwa na maana ya kubaki na gari lile, na kubaki na gari kulikuwa na maana ya kulifungua. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekubali, akaondoka.

Nyumbani, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kasuku hatapanda gari lile," Kobe akasema.

"Sawa. Na wale wengine?"

Kobe aliinama akavua viatu. Mkewe hakuuliza tena, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angemgombeza.

Asubuhi aliamka na uamuzi. Alimshika Kasuku mkono, wakaenda kwa shemeji kabla ya chai, akachukue ufunguo hata kwa kugombana. Walikuta lango wazi na ua mtupu. Mahali ambapo gari hulala palikuwa na doa jeusi lenye unyevu. Kobe akachutama, akaligusa, akanusa kidole chake.

"Mama mdogo leo amewahi," Kasuku akasema. "Baba, mbona unakimbia?"

Hakuwa anakimbia, alikuwa anatembea kwa kasi ambayo mtoto hakuiweza. Njia ya shule ilikuwa moja tu, na ilipita kwenye makutano makubwa yenye taa. Walisikia honi kabla ya kufika. Zilikuwa nyingi, ndefu, za watu waliochelewa. Kobe alijua. Alijua kabla hajaliona gari, limesimama katikati ya njia, taa imeshakuwa kijani na kurudi nyekundu, na shemeji ndani anapiga stata. Nge-nge-nge-nge. Kimya. Nge-nge-nge-nge.

Chini ya tumbo la gari, karibu na gurudumu la mbele, kitu kilikuwa kinadondoka na kung'aa kwenye lami.

Kila stata ilipolia, pampu nayo ilikuwa inasukuma, na kile kidimbwi kilikuwa kinatanuka kuelekea barabarani. Vichwa vidogo vilionekana kwenye kioo cha nyuma. Mmoja alikuwa anampungia Kasuku mkono.

Mbele ya duka la madaftari alikuwapo mwanamke anafagia. Kobe alimsukumia mtoto. "Mama, nishikie huyu. Usimwachie hata akilia." Hakungoja jibu.

Baadaye, watu waliomsimulia walisema alipiga kelele kama mwendawazimu. Yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Alijikuta tu ameshafika dirishani, mkono wake umeingia ndani na kushika kiganja cha shemeji juu ya ufunguo.

"Usiwashe! Toa mkono! Toa ufunguo!"

"Shem, linataka kukubali, nimebakiza kidogo..."

"Linavuja! Toka! Toka uende kwa watoto upande ule!"

Milango ya nyuma ilikuwa haifunguki kwa ndani, kwa sababu ya ile lachi ya kuzuia watoto wasifungue safarini, kwa hiyo watoto walikuwa wanavuta vitasa bure na kuanza kulia. Kobe akafungua kwa nje. Akawatoa kwa kola, kwa mkoba, kwa chochote alichoshika, akiwasukuma kwa shemeji, na shemeji akiwapeleka kando ya barabara. Harufu humo ndani ilikuwa nzito kama blanketi.

Mdogo kuliko wote hakutoka. Alikuwa ameinama chini ya kiti.

"Kiatu changu."

"Acha kiatu!"

"Mama atanipiga."

Kobe aliingia nusu mwili ndani ya gari. Sikio lake la kushoto, lile la upande wa kovu, lilikuwa limeelekea mbele, na nyuma ya dashibodi alisikia injini ya moto ikilia ting, ting, jinsi chuma kinavyolia kikipoa. Akasubiri ile sauti nyembamba. Aliisubiri kwa mwili mzima. Akamkumbatia mtoto kiunoni, akamvuta pamoja na zulia la sakafuni alilokuwa ameling'ang'ania, akatoka naye kinyumenyume mpaka ng'ambo.

Hakuna kilicholipuka. Gari lilikaa tu pale, linadondosha, na honi zikaendelea.

Dereva mmoja alishuka na kusema wachomoe betri haraka. Kichwa cha Kobe nacho kilikuwa kimeshamwambia hivyo, na papo hapo kikamkumbusha cheche inayoruka waya unapoachia betri. "Hakuna kugusa betri," akasema, na sauti yake ikasikika ngeni masikioni mwake. "Hakuna kufungua kitu. Sigara, simu, wekeni mbali. Tulisukume." Walilisukuma taratibu hadi pembeni. Palikuwa na rundo la mchanga wa watu wa ujenzi; wakachota kwa mikono na kwa makaratasi wakafunika ile njia ya mafuta.

Kazi ilipokwisha, Kobe alimchukua Kasuku kwenye duka la madaftari, naye na shemeji wakawapeleka watoto wote shuleni kwa miguu.

Gari lilifika gereji mchana, kwa kamba, injini yake ikiwa imeshapoa. Bingwa alilipokea kwa bashasha yake ya siku zote. Alikuwa hajasikia habari.

"Linavuja? Rahisi. Tuwashe tuone linavujia wapi."

"Haliwashwi," Kobe akasema.

"Sasa nitaonaje?"

"Haliwashwi, Bingwa. Lilikuwa na watoto ndani."

Shemeji alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, mikono kati ya magoti. Alimweleza Bingwa yote, hadi kiatu. Bingwa alisikiliza akiwa ameshika spana, na kadiri maneno yalivyoendelea spana ile ikawa inashuka.

"Nilipozirudisha nozeli," akasema polepole, "zile oringi, vile vipira vya juu, sikuweka vipya. Nilivibonyeza, nikaona bado laini. Nikarudishia vilevile." Akaketi chini. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Kobe, mimi leo sigusi gari hili. Mikono haifai. Itazame."

Akainyoosha ili waione. Kweli, ilikuwa inacheza.

Kobe alitazama uwanja mzima wa gereji kana kwamba fundi mwingine angetokea ukutani. Hakutokea. Aliweza kusema lipelekwe kwingine, likavutwe tena kwa kamba, likafunguliwe na mtu mwingine mwenye haraka na kiberiti mfukoni. Alifikiria hilo kwa muda, na hakuona aibu kulifikiria. Ila alimwona yule mtu akisema maneno yaleyale ya Bingwa, tuwashe tuone. Akatoa amri walisukumie uwanjani, mbali na majengo, penye upepo.

Boneti ilifunguliwa na Bingwa, kwa sababu hilo Kobe alishindwa. Waliiacha wazi muda mrefu, mvuke utawanyike. Ndipo Kobe akajikaza, akasogea. Alivaa glavu. Alifunga tambara lenye maji shingoni, akajua kwamba halisaidii chochote, akaliacha. Mtungi wa kuzimia moto aliuweka miguuni mwa shemeji akamwonyesha pini.

"Nieleze unachofanya," shemeji akasema. "Ukinyamaza naogopa zaidi."

"Kwenye gari hili, ukizungusha ufunguo bila kupiga stata, pampu inasukuma kidogo, halafu inazima yenyewe. Injini imepoa, haizunguki, hakuna cha kuwasha moto. Mafuta yatajaa kwenye bomba la nozeli. Pale yanapotoka, nitapaona."

"Utapaonaje?"

"Nitainama."

Bingwa alikaa kwenye kiti cha dereva. Kobe akainamia injini, uso wake ukiwa karibu na lile bomba la chuma lililobeba nozeli kama ng'ombe anavyobeba chuchu. Jasho lilimchuruzika machoni. Akainua kidole gumba. Ufunguo ukazunguka, pampu ikavuma kule nyuma.

Fyuuu.

Ilikuwa ileile. Nyembamba, kati ya meno. Alitaka kusema zima, mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Alijua pampu ingesimama yenyewe, alikuwa amemweleza shemeji sasa hivi kwa mdomo wake mwenyewe, lakini mwili wake haukujua neno hata moja kati ya hayo. Mvumo wa pampu ukakatika. Ile sauti ikafifia, ikafa. Upepo ukapita.

"Ni ipi?" Bingwa aliita. "Kobe! Ni nozeli ipi?"

Kobe akajishika kwenye ukingo wa gari. "Sijui."

"Hujui? Si umesikia?"

"Nimesikia. Nilifumba macho."

Shemeji alibeba mtungi, akaja kusimama kando yake, begani kwa bega, akachomoa pini.

"Rudi kule," Kobe akamwambia.

"Sirudi. Mara ya pili utafumbua. Nitakuwa nakuambia fumbua."

"Shemeji..."

"Nimebeba watoto wa watu juu ya hiki kitu, shem. Zungusha, Bingwa!"

Pampu ikavuma. "Fumbua," shemeji akasema sikioni mwake, "fumbua, fumbua, fumbua," kama mtu anayembembeleza mtoto kunywa dawa, na sauti yake nayo ilikuwa inakatika. Kobe akafumbua. Machozi na jasho vilifanya kila kitu kiwe na kingo mbili, lakini aliona. Kwenye nozeli ya tatu, pale inapoingia kwenye bomba, uzi mwembamba wa petroli ulikuwa unaruka, unagonga chuma, unatiririka chini upande ule ule linakopita bomba la moshi. Tone moja lilimpata mkononi, juu ya glavu. Lilikuwa baridi. Hilo lilimshangaza, kwamba ni baridi.

"Ya tatu," akasema. "Zima. Nimeiona."

Alikaa chini kwanza. Kisha akainuka bila kuambiwa, maana kulikuwa na swali la pili: kilichokuwa kinayumbisha sailensa tangu mwanzo. Mwishoni mwa bomba la nozeli kulikuwa na regulata, kikopo cha chuma kinachopima nguvu ya mafuta na kuyarudisha tangini yakizidi. Juu yake kulikuwa na mpira mwembamba unaokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Mpira ule unatakiwa uwe mkavu daima, kwa sababu hewa tu ndiyo inayopita humo. Kobe aliuchomoa, akauinamisha juu ya kifuniko cheupe cha plastiki.

Ikadondoka petroli.

"Utando wa ndani umepasuka," akasema. "Injini ilikuwa inanyonya mafuta kupitia hapa, juu ya yale inayopewa na nozeli. Ndiyo maana plagi nyeusi. Ndiyo maana likiwa na moto haliwaki, limeshalewa. Ungesafisha kile kivavu mpaka kesho, Bingwa, hakina kosa."

Bingwa aliondoka mwenyewe kwenda dukani, hakutuma mtu. Alirudi na regulata na oringi mpya, seti nzima, na akazipanga moja moja kwenye kitambaa safi kama anapanga vyombo vya mgeni. Kobe alifungua, alifuta, alipaka vipira mafuta kidogo visichanike vikiingia, akabana. Mara mbili ilimbidi asimame, atembee mpaka ukutani na kurudi. Walizungusha ufunguo tena, na tena, Kobe akiwa ameinama na macho yake yako wazi, na hakukutoka sauti wala unyevu. Akafunga geji ya kupima nguvu ya mafuta, mshale ukapanda, ukatulia, ukakaa palepale wakati wote waliokuwa wakiutazama.

Likabaki la kuwasha.

"Nitawasha mimi," shemeji akasema. Alimwondoa Bingwa kwenye kiti. Alikuwa amelowa jasho mgongoni. Alitia ufunguo, akautoa, akautia tena. "Bibi wee," akaliambia gari, na safari hii hakuwa anatania.

Injini ilishika mara moja. Ilinguruma, ikakohoa ule uchafu uliobaki, ikatoa moshi kidogo, kisha ikashuka. Kobe alisikiliza. Ilitua chini, ikakaa, haikupanda. Waliiacha hivyo mpaka kipimo cha joto kikafika katikati, wakazima, wakawasha ikiwa ya moto. Ikakubali kwa mguso mmoja.

Shemeji alilaza paji la uso kwenye usukani akalia kwa sauti.

Habari za makutano zilikuwa zimeshaenea. Baadhi ya akina mama walimwondolea shemeji watoto wao, na mmoja alimwambia maneno makali mbele za watu, naye aliyapokea, hakujitetea. Wengine walibaki. Bingwa alianza kuagiza oringi mpya kwa kila kazi ya nozeli, na kwa muda mrefu utani wake ulipungua. Kobe hakurudi kuwa fundi wa injini. Alisema hivyo wazi kwa mwenye gereji alipoulizwa: kazi za chini ya gari zinamtosha. Ila gari likija na harufu, Bingwa alimwita, naye alikuja, akasimama mahali pake, akasikiliza, akanusa, akasema anachokiona. Siku nyingine aliinama. Siku nyingine alikataa.

Gari la shemeji liliporudi barabarani, Kobe alimwambia mkewe kwamba Kasuku anaweza kupanda. Kisha asubuhi, kabla ya kwenda kazini, yeye mwenyewe akajipenyeza kwenye kiti cha nyuma, magoti yakigusa kidevu, mtoto mmoja kulia na mwingine kushoto.

"Baba yako ameanza shule?" mmoja akamuuliza Kasuku.

"Yuko darasa la chini yetu," Kasuku akajibu, na gari zima likacheka.

Kobe hakucheka. Kwenye kila makutano alishika ukingo wa kiti mbele yake. Walipofika kwenye zile taa, nyekundu ikawaka, shemeji akasimama. Watoto waliendelea kupiga kelele. Shemeji akamtazama Kobe kwenye kioo, na Kobe akamtazama yeye. Injini ilikuwa inaunguruma chini chini, sawasawa. Alihesabu pumzi zake mpaka taa ikabadilika.

Shuleni alishuka pamoja nao, akamfunga mtoto mmoja kamba za viatu, akarudi gereji kwa miguu.